Moto Usiozimika na Kifuniko cha Sufuria

2 Machi

Daftari hili nimepewa na mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi na mke wangu ndio tuliomlea, na leo ni mwalimu wa Kiingereza mwenye miwani. Kaniambia, "Mjomba, andika habari za moto wako kidogo kidogo kabla kibao hakijatundikwa. Mwandishi wa gazeti akija asikukute umesahau." Mimi nisahau! Mimi ninayekumbuka siku niliyozaliwa, hata rangi ya beseni.

Haya. Mimi ni mchoma mikate. Shule niliishia darasa la sita, si kwa ujinga, ni kwamba walimu waliniishia. Tanuri letu ni la matofali na kuni, la mwisho lililobaki katika mji huu. Moto wake niliuwasha mimi, kwa mikono hii, nikiwa bado na nywele, miaka ishirini na moja iliyopita. Tangu siku hiyo haujazimika hata mara moja. Jioni mikate ikishatoka navuta makaa hadi kona ya nyuma, nayafunika majivu, naziba bomba la moshi, nafunga mlango wa chuma, naenda zangu. Alfajiri nafukua na makaa yananikonyeza. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyafunika. Kufunika moto ni sawa na kumlaza mtoto, lazima iwe mikono anayoijua.

Mvua zikiisha, Mama Mkate, mwenye tanuri, atatundika kibao kipya juu ya mlango: kwamba moto huu haujawahi kuzimika tangu ulipowashwa, na jina langu chini yake kwa rangi nyekundu. Wenye shahada wangapi wamekufa bila kuandikwa popote ila kaburini?

3 Machi

Mawingu. Moto upo.

6 Machi

Mama Mkate anataka na neno la Kiingereza kwenye kibao, kwa ajili ya wageni wapita njia. Mpwa wangu kaja jioni na chaki, akaandika kwenye mlango wa chuma: unquenchable. Neno refu kama treni ya mizigo. Akalikata vipande kama mimi ninavyokata donge la unga. Cha mbele kinakana, cha nyuma kinasema jambo linawezekana, na katikati kuna kuzima. Jumla yake: kisichoweza kuzimwa. Akasema ni kivumishi. Nikampenda kivumishi papo hapo. Kitu kinachovumisha! Nimekitafuta maisha yangu yote.

Ila akaongeza jambo. Sisi tunakata kiu na tunazima moto, lakini wenzetu Waingereza wanafanya yote mawili kwa kitenzi kimoja. "Kwa hiyo, Mjomba, hili neno hulikuti sana kwenye moto wa jikoni. Watu hulitumia kwa kiu. Kwa shauku, kwa matumaini. Kwa vitu vya ndani."

"Tanuri lina ndani," nikamwambia.

Akafuta chaki mikononi. "Na ukishalisema, ni ahadi. Kitu kikiwahi kuzimika hata mara moja, neno linaanguka."

"Ndiyo maana ni langu."

Akaokota chaki yake, akaaga. Nilidhani ameona wivu kidogo, maana yeye na vyeti vyake hana kitu cha kukiitia hivyo.

7 Machi

Nimefanya mazoezi. Nilimwambia mke wangu chai yake ni unquenchable. Akaniuliza kama nimemtukana. Mpwa wangu akasema chai haiwi hivyo, labda kiu ambayo chai imeshindwa kuikata. Mke wangu akasema basi nimetukana kweli.

10 Machi

Moto upo. Chachu kaniuliza kama kibao ni lazima. Chachu ni mkandaji wetu, rafiki yangu tangu kabla ya ndoa yangu. Tunamwita hivyo kwa sababu anaumua unga tu, maneno hayaumui kabisa. Yeye huingia kabla yangu, alfajiri mbichi, ili donge lipate muda wa kuumuka. Nikamwuliza kibao kimemkosea nini. "Hakijanikosea," akasema, akarudi kwenye unga wake.

14 Machi

Mvua ya kwanza. Si mvua ya kutisha. Mwaka ule wa mvua yenyewe ilinyesha kutoka chini kwenda juu, watu wakashika miavuli miguuni, na mimi nikatoa mikate mikavu kama kawaida. Nimewasimulia wateja leo. Fundi viatu, anayekaa kibarazani ng'ambo ya barabara, akapaza sauti, "Mjomba, na moto wako una roho ya paka!" Wakacheka wote. Nami nikacheka. Sikuona kinachochekesha hivyo.

15 Machi

Mvua. Moto upo.

18 Machi

Paa la tanuri limetoboka pale pale juu ya pipa la majivu. Jioni nilipokuwa nafunika makaa, Chachu akasimama nyuma yangu.

"Kaka, majivu leo punguza. Yameloa."

"Unanifundisha mimi?"

"Sikufundishi. Nasema yameloa."

"Chachu, moto huu nilianza kuulaza wewe ukiwa bado unaunguza mikate. Mikono yangu inajua."

Nikaongeza beleshi moja zaidi ili aone.

19 Machi

Nimefukua, makaa yakanikonyeza, mekundu kama macho ya mlevi. Nikamwita Chachu. "Unaona?"

"Naona," akasema.

Mkono wake umefungwa kitambaa. Kasema ameungua kwa trei.

24 Machi

Kifuniko cha sufuria kubwa hakionekani. Chakula kimefunikwa kwa sahani, mvuke wote umekwenda zake. Nimelalamika. Mke wangu kasema, "Kula, usile mvuke."

25 Machi

Kifuniko kimerudi. Kina masizi kwa ndani. Sasa, masizi nayafahamu mimi. Sufuria huungua chini, na kifuniko hakina njia ya kuungua ndani labda kipikiwe. Nikamwuliza mke wangu. "Nilikiangusha jikoni," akasema bila kugeuka. Mvua. Moto upo.

2 Aprili

Mke wangu ameanza tena kuamka gizagiza na kuwasha jiko la mkaa uani. Kila masika ni hivyo, anasema mgongo unamuuma kwa baridi. Mimi usingizi wangu ni mzito, usingizi wa mtu asiyedaiwa na dhamira. Waliwahi kubomoa ukuta wa jirani mimi nikaamka kuuliza kwa nini kumekuwa kimya.

5 Aprili

Nilimwambia mpwa wangu mvua hii nayo ni unquenchable. Akasema hapana. "Mvua haizimwi, Mjomba. Mvua ndiyo inayozima." Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa. Nilidhani ni kwa sababu ya Kiingereza changu.

9 Aprili

Mchora vibao kaja na kibao kuonyesha. Herufi zimeota mabawa. Mama Mkate akakitazama, akamtazama Chachu, Chachu akatazama sakafu. "Kizuri," Mama Mkate akasema, kama mtu aliyeonyeshwa jeneza lake.

Nyumbani nimemwambia mke wangu wana wivu wote. Akasema, "Mume wangu, ungewaambia waandike tu kwamba mkate ni mtamu." Hata yeye! Mtu unayekula naye sahani moja.

10 Aprili

Mvua. Moto upo. Nimenuna.

13 Aprili

Mvua mchana kutwa. Moto upo.

17 Aprili

Naandika mchana.

Alfajiri paa la nyumba lilivuja, tone likaniingia sikioni. Hilo ndilo lililoniamsha, si ukuta wa jirani. Mke wangu hayupo. Viatu vyake havipo, mwavuli haupo. Uani jiko la mkaa lina joto lakini tumbo tupu, limechotwa. Kulikuwa kunapambazuka, mvua imekaza. Nikatoka na fulana.

Kwenye uchochoro wa nyuma ya tanuri nikawaona. Chachu ameinama, na mke wangu ubavuni mwake, wamebanana chini ya mwavuli mmoja, wanatembea kwa hatua za kunyatia kama watu waliozoeana.

Nitaandika kilichonijia: nimefumania. Nikaokota nusu tofali. Niliona kila kitu kwa mara moja, kitambaa mkononi, macho sakafuni, "Mgongo unaniuma." Nikapiga kelele, "Simameni hapo hapo!"

Wakasimama, wakageuka. Na hapo nikaona kwamba mwavuli haukumfunika Chachu. Haukumfunika mke wangu pia, wote wawili walikuwa wamelowa chapachapa. Mwavuli ulikuwa umelifunika beleshi. Juu ya beleshi kulikuwa na kifuniko cha sufuria yetu kubwa, na chini ya kifuniko, makaa mekundu kutoka jikoni kwangu.

"Tupa hilo tofali utupishe," mke wangu akasema. "Yatazimika."

Yatazimika! Mume amesimama na fulana kwenye mvua, ana tofali mkononi, na hofu yake ni makaa.

Ningekuwa nimefumania ningejua la kufanya. Aliyefumania ana njia zake, atapiga, atalia, ataita wazee. Aliyefumania beleshi anafanya nini?

Niliwapita, nikafungua mlango wa chuma, nikatia mkono kwenye kona ya nyuma hadi bega. Baridi. Majivu yameshikana kama udongo wa kufinyangia vyungu. Ndani yake makaa meusi, mepesi, yamekufa saa nyingi zilizopita.

"Tangu lini?" nikauliza.

Chachu akaweka beleshi chini. "Kila mvua, kaka."

"Kila mvua ya mwaka huu?"

"Kila mvua."

Mke wangu akakunja mwavuli. Akasema si kila usiku. Ni zile za mvua nyingi tu. Alikuwa anajaribu kunipunguzia, kama mtu anayekwambia nyumba imeungua lakini si mlango.

"Kwa nini uzimike? Naufunika mwenyewe!"

"Ndiyo," Chachu akasema. "Majivu yanalowa chini ya tobo, wewe unauvika kama blanketi tatu, halafu unaziba bomba lote. Haupumui. Nikikwambia punguza, unaniambia mikono yako inajua."

"Kwa hiyo nimeuua mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema!"

"Basi nimesema."

Nikawauliza kwa nini hawakupiga kiberiti tu kama watu wengine, wakaniachia aibu yangu ndogo. Mke wangu akajibu kwamba ningejua. Moto wa kiberiti ni wa vijiti, una ndimi, unapiga kelele. Mimi nikifukua nataka nikute makaa yaliyolala. Kwa hiyo wanachota yaliyokolea jikoni kwangu, wanayapeleka kwenye kona yangu, wanayanyunyizia majivu makavu ya nyumbani juu yake, kiasi kidogo. Halafu wanakaa kunisubiri nije nijisifu.

Miaka yote hiyo. Nimevalishwa kilemba cha ukoka nikakifunga vizuri na kwenda nacho sokoni.

"Nani mwingine anajua?"

Wakageukia barabarani. Ng'ambo ya barabara, fundi viatu alikuwa amefika mapema. Alikuwa anaangalia kiatu ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

18 Aprili

Sikwenda kazini.

Mpwa wangu kaja. Niliona miguuni mwake kwamba ameshaambiwa, maana alivua viatu nje kama mtu anayeingia msibani.

"Na wewe unajua," nikamwambia.

"Najua, Mjomba."

"Tangu ulipokuwa mwalimu?"

"Tangu nilipokuwa mtoto. Mwavuli nilikuwa nashika mimi."

Nikakaa chini. Mtoto niliyembeba mgongoni siku tuliyomzika mama yake, niliyemwambia usilie, una mjomba.

Akaniambia ilivyoanza. Ilikuwa wiki ile ile ya msiba. Mvua ilikuwa haikatiki. Mimi nilirudi makaburini, nikasimama katikati ya watu nikasema, dada yangu kazimika lakini moto wangu haujazimika, na nitaendelea kuishi kwa sababu ya hilo. Nakumbuka nilisema. Nilidhani nimesema vizuri. Alfajiri iliyofuata Chachu akafungua tanuri akakuta baridi tupu. Akaja mbio nyumbani, kamkuta mke wangu na mtoto macho. Mke wangu akasema, "Huyu tukimwambia leo, tutazika wawili." Wakachota jikoni.

"Ilikuwa iwe mara moja tu, Mjomba."

"Na ya pili?"

"Ya pili ulikuwa umeshawasimulia watu wote kwamba moto wako ulihimili mvua ya msiba."

Basi moto niliouwasha nikiwa na nywele ulikufa wiki aliyokufa dada yangu, na mimi nimemlilia mmoja tu. Wa pili wamenificha kaburi lake.

Nikamwambia, "Umenifundisha lile neno ukijua. Umeandika kwa chaki kwenye mlango wa tanuri langu, ukijua."

"Nilijaribu kukuzuia. Nilikwambia ni la vitu vya ndani."

"Vitu gani vya ndani? Siku ile ulikuwa na mfano gani kichwani? Sema mfano wako, mwalimu."

Alivua miwani. Hakutaka kusema, nikamshikilia kwa macho.

"Kiu yako ya kusifiwa, Mjomba," akasema.

Nimemfukuza. Nimemfukuza kwa Kiswahili chote ninachokijua. Alipofika mlangoni akaniita Baba, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nami nikafunga mlango.

19 Aprili

Mvua. Mikate imetoka bila mimi. Nimeinusa kutoka kitandani. Inanukia vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

20 Aprili

Sitaki kuandika.

22 Aprili

Mke wangu anazungumza nami kupitia ukuta. Kasema, "Unafikiri sisi tulikuwa tunakucheka. Unajua alfajiri ya masika ina baridi gani? Mtu haloi miaka yote hiyo kwa kucheka." Nikamwambia angeniambia nikalowa mwenyewe. Baadaye akasema, "Hilo kweli." Ni mara ya kwanza wiki hii ukuta kukubaliana nami.

27 Aprili

Mvua zinapungua. Chachu kaja, akakaa kibarazani bila kubisha hodi, akaondoka bila kuaga. Ameacha mkate. Nilitaka kuutupa. Nimeula. Chini umeiva kuliko juu, makaa yamewekwa mbele mno. Sitamwambia.

4 Mei

Jua. Mama Mkate mwenyewe kaja, kakaa kwenye kiti changu. Kibao kimekauka, mwandishi wa gazeti amepangiwa siku, mtaa mzima umeambiwa. "Na wewe ulijua?" nikamwuliza. "Mjomba," akasema, "mimi ndiye ninayenunua mkaa wa jikoni kwako. Ulidhani mkeo anautoa wapi?"

Nilidhani ni mshahara wangu.

5 Mei

Nimetoka nje. Kila anayenisalimia namtazama mdomo. Muuza maziwa, kinyozi, fundi viatu, wote hao nimewasimulia moto wangu, wakaitikia "Ehee!" na "Makubwa!" Ningejua kwamba najazwa upepo ningejikunja mapema. Nimemwuliza fundi viatu ana kwa ana. Akasema, "Mjomba, hadithi yako ilikuwa nzuri. Nani angetaka iishe?"

9 Mei

Kibao kitatundikwa kesho. Nimeamua.

10 Mei

Leo niliingia wa kwanza, kabla ya Chachu. Nikafungua mlango wa chuma. Makaa yao yalikuwa yamelala vizuri, sina budi kukubali, majivu membamba kama poda. Yalinikonyeza. Nikayavuta yote nje, sakafuni, nikamwaga ndoo ya maji juu yake. Sauti yake sijawahi kuisikia. Chachu akafika akanikuta nimesimama ndani ya mvuke.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nazima moto. Mara hii niuone mwenyewe ukienda."

Hakunizuia. Akaleta ufagio. Tulifagia tanuri hadi tofali la mwisho kule nyuma. Halafu nikapanga vijiti, nikapiga kiberiti. Cha kwanza kikakataa. Cha pili kikashika. Moto ukapiga kelele kama mke wangu alivyosema, una ndimi, hauna adabu, mchanga kabisa. Tukautazama wote wawili hadi donge likakaribia kuharibika.

Watu wakaanza kujaa barabarani. Mwandishi wa gazeti ni mwanamke mwenye kamera na viatu vya kukanyagia tope. Mchora vibao juu ya ngazi, kibao mkononi. Mama Mkate kavaa nguo ya sherehe. Mke wangu na mpwa wangu wamesimama pembeni, mbali na mimi kama watu wanaomjua mbwa.

Mwandishi akafungua kalamu. "Mjomba, ni kweli moto huu haujawahi kuzimika?"

Mtaa mzima ukanigeukia. Niliziona nyuso zao. Walikuwa tayari, wote, kusema ehee. Ningetamka neno moja tu wangelibeba hadi kaburini kwangu, chini ya mwavuli.

Nikasema, "Si kweli. Umezimika masika kwa masika. Huu unaouona nimeuwasha leo asubuhi kwa kiberiti, njiti ya pili."

Halafu fundi viatu akapasuka kicheko. "Mjomba bwana!" Kinyozi akafuata, muuza maziwa akafuata, barabara nzima ikacheka ikishika mbavu. Mwandishi naye akacheka, akafuta kitu kwenye karatasi. "Waliniambia unapenda utani," akasema.

"Si utani. Naapa!"

Ndipo wakacheka zaidi. Nikamwonyesha mwandishi sakafu iliyolowa. Akasema tanuri safi kweli. Nikamgeukia Chachu, aliyekuwa na ufagio bado mkononi. "Mwambie."

Chachu akatazama unga wake.

"Mwambie wewe," nikamwambia mke wangu.

"Mwacheni," mke wangu akamwambia mwandishi kwa upole. "Ndivyo alivyo."

Kwa hiyo wameniuza mara mbili. Mara ya kwanza waliniuza kwa uongo, na leo nimesimama juu ya ukweli peke yangu, wakaniacha hapo hapo kwenye mataa, mbele ya kamera. Maisha yangu yote nimepiga chuku wakaniamini, au wakajifanya. Siku ya kusema kweli ndiyo siku nimekuwa mchekeshaji.

Nikamwita mpwa wangu. "Mwalimu. Wewe husemi uongo darasani."

Akaja. Alivua miwani, akamgeukia mwandishi, akamwambia kitu kirefu kwa Kiingereza, taratibu. Mwandishi akaacha kucheka. Akanitazama muda, kama mtu anayetazama picha badala ya fremu, halafu akaandika. Sikuelewa alichoambiwa. Neno moja tu nililitambua, na alipolitamka alikuwa ananinyooshea mimi kidole, si tanuri.

Sikumwuliza kama ulikuwa mfano ule ule au mwingine. Naogopa yote mawili.

Kibao kimetundikwa. Kinapendeza. Ni uongo mtupu wenye jina langu kwa rangi nyekundu.

11 Mei

Jua. Moto upo. Una siku moja.

15 Mei

Gazeti limetoka. Picha yangu iko ukurasa wa ndani, mdomo wazi. Wameandika kwamba mchoma mikate huyu ni mnyenyekevu kiasi kwamba anaukana hata moto wake. Mnyenyekevu! Mke wangu alilisoma mara mbili akatoka kwenda kucheka uani. Mimi sikucheka. Ila nimekata kipande kile, kiko ndani ya daftari hili.

Sijawasamehe. Naandika ili siku nikisahau nijisome.

20 Mei

Mvua ya kuaga imepiga usiku. Jana niliufunika kwa majivu makavu, membamba, kama Chachu anavyotaka, na bomba nikaliachia tundu. Huenda umepona. Huenda haukupona.

Nimeamka kabla ya mke wangu, nimewasha jiko uani chini ya upenu. Makaa yakakolea. Kifuniko nimekiweka tayari, mwavuli nimeuegemeza mlangoni. Alipotoka na shuka mabegani akanikuta nimekaa kwenye ndoo.

"Unasubiri nini?"

"Namsubiri Chachu."

Akachukua mwavuli kwa mazoea. Nikamnyang'anya.

"Rudi ulale," nikamwambia. "Leo nitashika mimi."